Siku Tuliyosoma Kasungami

Kwenye kilio cha Mwalimu Donatien, kule Makomeno, mtaa wa Lubumbashi, kuna mtu alinijia kwa nyuma akanifunika macho kwa viganja. Nilimtambua kwa kicheko kabla hajasema neno. Alikuwa Régine, tuliyesoma naye darasa moja, ambaye sikuwa nimemwona tangu alipohamia Ulaya na mumewe. Tulivuta viti vya plastiki chini ya turubai, karibu na wanawake waliokuwa wakisonga bukari, ugali wa kwetu, wa watu wa msiba, na kwa muda mrefu hatukumtaja marehemu. Tulizungumza habari za watoto, za magoti yake yanayouma kwa baridi, za viatu vyake vya visigino vilivyokuwa vikizama mchangani. Kisha akasogea. "Féli," akasema kwa sauti ya chini, "ile siku ya Kasungami ulikuwa unawaza nini? Mi nilikuwa nyuma yako na kitabu mukononi. Nikajiambia, huyu amepata wazimu." Nilimjibu kwamba sikuwa nawaza kitu. Lakini usiku wa kuamkia mazishi sikupata usingizi, maana swali lilikuwa la haki na jibu langu lilikuwa la uvivu. Sura hii ndiyo jibu langu kwake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, darasa la tano la sekondari, na nilisoma kila kilichopita mbele ya macho yangu: kurasa za magazeti zilizofungiwa karanga, maandishi ya magunia ya saruji, maelezo ya chupa za dawa ya kikohozi. Sikuchagua. Nilitaka tu kujua kila kitu kinasema nini. Mama mdogo niliyekuwa nikiishi naye aliona ni njia ya kukwepa vyombo. Mwalimu Donatien, aliyetufundisha Kifaransa, aliona vingine, na siku moja akaniambia nije nyumbani kwake Jumamosi alasiri. Tulikuwa sita au saba tuliokusanyika huko, katika chumba cha uani kilichokuwa zamani stoo ya makaa. Kuta zilikuwa bado nyeusi. Ukiegemea, shati jeupe la shule linabaki na doa la mgongoni. Kulikuwa na meza, mabenchi mawili, na rafu ya vitabu alivyovinunua kimoja kimoja sokoni, vingi bila majalada. Tulisoma kwa zamu, naye alisimama dirishani akitupa mgongo, kwa kuwa alisema amekuja kutusikiliza, si kututazama. Mkewe, Mama Astrid, alituletea chai ya tangawizi na viazi vitamu vya kuchemsha, na tulijifunza kusoma huku kiazi kikiwa bado cha moto shavuni.

Dirisha la chumba kile lilitazamana na jiko, na kwa namna hiyo nilisikia mengi yasiyonihusu. Jumamosi moja, wakati Régine anasoma, nilimsikia Mama Astrid akimwambia mumewe, "Bantu ba Kasungami banatoka mu mashamba, banachoka, wewe unabapelekea kitabu, roman ya Kifaransa?"

"Batasikia," akasema Mwalimu.

"Batasikia nini?"

"Sauti. Batasikia batoto banasoma muzuri. Njo mwanzo."

"Mwanzo ya nini, Papa Astrid?"

Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. Nilibaki na swali lile hadi nyumbani, na nadhani ndilo lililonifanya niisubiri siku ile kwa hamu kuliko hata zawadi yenyewe.

Maana kulikuwa na zawadi. Chama kidogo cha walimu wa Kifaransa kilikuwa kimeamua kufanya marathoni ya kusoma: riwaya moja nzima, kuanzia asubuhi hadi jua linapotua, wanafunzi wakipokezana bila kukatisha. Majaji watatu wangekaa mbele na kusikiliza. Atakayesoma vizuri kuliko wote angepata nafasi ya kumalizia sekondari bure katika lisé ya masista, ya bweni, yenye maktaba ambayo tulikuwa tumeisikia tu kwa wengine. Kila mtu wa chumba cha makaa alijua kwamba nafasi ile ingekuwa ya Régine au yangu. Mama mdogo alinishonea sketi mpya na akaanza kuwaambia majirani kwamba mwaka ujao hatutakuwa pamoja. Mahali palichaguliwa na Mwalimu mwenyewe. Paroko wa Kasungami alikuwa na ukumbi mpya, wa matofali yasiyopigwa plasta, wenye bati linalong'aa na madirisha yasiyo na vioo, na alikuwa amewaalika mama wa mtaa waje kusikiliza.

Tulifika asubuhi ya baridi kali, ile baridi ya kiangazi cha kwetu ambayo watu wa nje hawaamini kwamba ipo Afrika. Pumzi zetu zilitoka kama moshi. Wanawake walikuwa wameshafika, wengi wao moja kwa moja kutoka bustanini. Majembe yao yalikuwa yameegemezwa ukutani karibu na mlango. Walikaa kwenye mabenchi ya nyuma, wamejifunika vitenge hadi masikioni, na walitusalimia sisi watoto wa shule kama wanavyosalimiwa wageni wa harusi. Mkuu wa majaji, bwana mwembamba mwenye skafu shingoni, alieleza kanuni kwa Kifaransa, akakaa, na msomaji wa kwanza akaanza. Wanawake walinyamaza kwa heshima. Baada ya wasomaji wawili heshima ilianza kuwachosha. Mmoja alitoa karanga akaanza kumenya, mwingine akamnyonyesha mtoto, na wengine wakaanza kunong'onezana habari za maji na mbolea.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, nikisubiri zamu yangu, karibu na mwanamke mmoja mnene wa makamo aliyekuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Jina lake lilikuwa Mama Kabange. Hakuwa akimenya karanga. Alikuwa amemkazia macho msomaji kana kwamba maneno yangejifungua yenyewe akiyatazama vya kutosha. Mwishoni alinigusa goti. "Mwana, banasema nini?"

Nilimweleza kwa kunong'ona. Kuna mwanamke anaitwa Élise, anaishi kando ya mto mkubwa, ana mtumbwi mpana wa kuvusha watu na mifugo. Mume wake ameenda mbali milimani kutoboa njia ya treni chini ya mawe. Alisema atarudi kabla ya theluji.

"Kabla ya nini?"

"Theluji, mama. Ni kama mvua, lakini nyeupe, inaanguka polepole, inabaki yulu ya nyumba."

"Sawa unga?"

"Sawa unga."

Akawageukia wenzake na kuwapasha. Nikaona vichwa vikisogea kutoka benchi la mbele na la nyuma. "Na bwana alirudia?" aliuliza wa pembeni. Nilimwambia bado, hadithi haijafika huko. "Na anatuma kitu ya batoto?" Sikujua. Nilitega sikio kwa msomaji, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikiliza mtu akisoma nikitafuta jibu ambalo halikuwa swali langu. Ikawa hivyo kwa wasomaji watatu. Nilisikia kwa sikio moja, nikasema kwa mdomo, na nikagundua kwamba kila niliposema sentensi kwa Kiswahili cha kwetu, niliona jambo ambalo sikuliona ilipokuwa Kifaransa. Élise alikuwa na njaa. Mwandishi hakuwa amelisema hilo popote. Lakini wanawake waliuliza anakula nini, nikatafuta, na kweli, kurasa zote zile hakuwa amekula chochote ila supu ya vitunguu. "Silence, au fond!" akasema mkuu wa majaji, kimya huko nyuma, na sote tukainama kama wanafunzi.

Ilipofika zamu yangu nilitembea hadi mbele nikiwa na sketi yangu mpya, nikafungua ukurasa, na nikasoma vizuri. Najua nilisoma vizuri kwa sababu nilimwona Mwalimu Donatien, aliyesimama dirishani ametupa mgongo kama kawaida yake, akitikisa kichwa taratibu. Ilikuwa sehemu ambapo theluji inaanguka na mume hajarudi, na Élise anafunga mtumbwi kwa mnyororo na kuamua kumfuata. Niliposhuka mwisho wa ukurasa, nilisikia benchi likilia nyuma. Mama Kabange alikuwa amesimama.

"Mwana," akasema, si kwa ukali, "sema na ya kwetu. Umetuacha mu njia."

Baadhi ya wanafunzi walicheka. Mkuu wa majaji aligonga meza kwa kalamu. "Mademoiselle, le texte," akasema, yaani nisome kilichoandikwa. Nilitazama kitabu. Nikatazama nyuma, nyuso zile zote zilizojifunika vitenge. Nikasema kwa Kiswahili kwamba theluji imefika, bwana hajafika, na Élise amefunga mtumbwi wake anakwenda kumtafuta. Kelele iliyotoka kwenye mabenchi ya nyuma sijapata kuisikia tena katika chumba chochote nilichofanyia kazi. Walikuwa wakigombana. Mmoja alisema amekosea, mtumbwi ndio unaomlisha. Mwingine alisema afanye haraka, mwanamume akikaa sana mahali anaota mizizi. Mkuu wa majaji alisimama. Akamwita Mwalimu Donatien, nao wakazungumza mbele yangu, nami nikasikia kila neno. Alisema mashindano ni ya kusoma Kifaransa, si ya porojo. Mwalimu alisema watu wamekuja kusikiliza kitabu, na sasa ndiyo wanakisikiliza. Majaji waliinamiana. Kisha mkuu wao akanigeukia, na lazima niseme kwamba alisema kwa upole, kama mtu anayemwonya mtoto wa jirani. Naweza kuendelea kuwatafsiria wanawake wasomaji wote waliobaki, ukumbi hautakataa. Lakini nikifanya hivyo sitapimwa, na nafasi ya lisé itakuwa ya mwingine. Nichague.

Hapo ndipo Régine alipokuwa nyuma yangu na kitabu mkononi, na hapo ndipo swali lake linapouma. Watu waliosikia habari hii wamenipa sababu nzuri mno. Wamesema niliwaonea huruma wale mama, au nilikipenda Kiswahili, au nilikuwa na ushujaa. Siku hizi nafanya kazi ya ukalimani mahakamani. Kila siku nasimama kati ya hakimu na mtu aliyeshtakiwa, na kuna wakati nawaona wote wawili wakinitazama hivyo hivyo, kama watu walioachwa njiani. Ningependa kusema niliyaona haya yote mapema. Sikuyaona. Nilimtazama Mwalimu anisaidie, naye akarudi dirishani akatazama nje, na nilimkasirikia kwa hilo. Leo naelewa kwamba hakutaka uso wake unichagulie. Niliwaza habari za maktaba ya masista, na mate yalinijaa mdomoni kama mtu mwenye njaa. Niliwaza habari za mama mdogo. Halafu nikasikia mwanamke mmoja nyuma akimuuliza mwenzake, "Na akimukuta na bibi mwingine, atafanya nini?" Nikajikuta nataka kujua watajibuje. Ni hilo tu, Régine. Nilitaka kujua watauliza nini baada ya hapo. Nikasema, "Ninabakia."

Régine alisoma baada yangu, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Alisoma aya, akasimama, nikasema, akasoma, nikasema. Baada yake wengine. Mchana tulikula bila kusimama, kwa sababu kanuni ilikataza kukatisha. Walituletea bukari na lenga-lenga, mchicha wa kwetu, yenye dagaa tunaowaita ndakala, na nilitafsiri mazishi ya mzee mmoja wa kijijini kwa Élise huku nikiwa na tonge mkononi. Sauti yangu ilianza kukwaruza. Mama mmoja alinipa kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, bado vuguvugu, na wote wakasubiri ninywe. Wanawake walikuwa wamehama kutoka nyuma wakaja mbele, hadi mabenchi ya kwanza yakajaa na wanafunzi wakakaa sakafuni. Majembe yalibaki peke yake mlangoni. Tatizo ni kwamba kusoma mara mbili ni polepole mara mbili, na mabishano nayo yanataka muda wake. Jua lilipoanza kuingia kwenye madirisha ya upande wa magharibi, kitabu kilikuwa kimebaki robo nzima, na ukumbi haukuwa na taa. Majaji walitoa matokeo wakiwa wamesimama. Nafasi ilikuwa ya Régine. Nilimpigia makofi, na viganja vyangu vilikuwa baridi.

"Na ile mama ya mu kitabu?" aliuliza Mama Kabange, mkono kiunoni. "Atalala mu njia?"

Mwalimu Donatien alinipa kitabu.

Mama mdogo hakunisemesha kwa wiki mbili. Régine alifungasha sanduku lake, na chumba cha makaa kikawa na nafasi tupu kwenye benchi. Mimi kila Jumapili baada ya misa nilikwenda Kasungami, na wanawake kumi au kumi na wawili walikuwa wakinisubiri ukumbini. Tulisoma robo ile kwa kiangazi chote. Élise alivuka milima, akalala kwenye zizi la mbuzi, akaiba mkate. Jumapili ya mwisho alifika katika mji wa watu wa treni, akaonyeshwa nyumba, akasimama mlangoni. Kupitia dirishani alimwona mume wake mezani, na mwanamke mwingine, na watoto. Nikatafsiri kilichofuata: hakusema kitu. Akageuka, akarudi kwenye mto wake, akafungua mnyororo wa mtumbwi.

Wanawake walipiga kelele, kama nilivyotarajia. Mama Kabange peke yake hakupiga. "Rudilia," akasema. Nikarudia. Alinikazia macho hadi nikahisi nimevunja kitu. "Haiko vile. Weye njo umeweka ile."

"Mama, sikuweka kitu. Imeandikwa."

"Unionyeshe."

Nilimwonyesha mstari. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu alama zile ambazo hakuweza kuzisoma, akachukua kitabu kutoka mikononi mwangu na kukifunga ndani ya kitenge chake. "Kitabu inabakia kwangu," akasema. "Utakuya kunifundisha. Nitaona na macho yangu kama huyu mama alinyamaza."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Lakini Jumapili iliyofuata nilimkuta nyumbani kwake, chumba kimoja chenye kitanda, sufuria zilizopangwa kwa ukubwa, na harufu ya vitunguu kutoka kwenye gunia la kona, na kitabu kilikuwa mezani kimewekwa sawasawa na ukingo. Tulianza na herufi. Tulisoma Kiswahili kwanza, maneno ya vitu alivyokuwa navyo, sufuria, chumvi, jembe, niliyoyaandika kwa mkaa kwenye ubao wa sanduku. Alikuwa mwanafunzi mkali. Alikosea, akajitukana, akaendelea. Wanawake wengine wawili walijiunga, kisha wanne. Katikati ya masomo hayo mvua za kwanza zilikuja, wakaenda kupanda mahindi, wakarudi na matope makavu miguuni. Kila mara nilipotaka kumpa kitabu kingine, chepesi, alikataa. Nilijiuliza njia nzima ya kurudi Makomeno kwa nini neno la mtu wa kubuniwa limekuwa na uzito namna hii kwake, na sikuthubutu kumuuliza.

Siku ya mstari ule ilipofika mvua ilikuwa inapiga bati, na tulikuwa wawili tu. Alifungua kitabu mwenyewe. Aliweka kidole chini ya mstari na kukisukuma polepole, kama mtu anayevuka maji bila kuona chini. Kifaransa hakukisema, lakini hakuna mtu wa Lubumbashi asiyekuwa na vipande vyake. "Elle," akasema. "Elle ne." Akapumzika. "Elle ne dit. Elle ne dit rien." Akarudia mstari mzima, ule wa hakusema kitu, mara moja, bila kidole. Kisha akainua macho, na uso wake haukuwa ule nilioutarajia.

"Kumbe iliandikwa," akasema. "Nilifikiri bantu balikuambia habari yangu, ukaiweka mu kitabu."

"Habari gani, mama?"

"Nilifika Kolwezi, mwana. Bwana yangu alienda kule kutumika mu mine, kuchimba shaba, akakawia. Nikamufuata na treni ya mizigo. Balinionyesha nyumba. Nikasimama kwa mulango, nikasikia batoto banacheka mu ndani. Nikarudi. Siyaambia muntu." Alisema haya akitazama mstari, si mimi.

Mvua iliendelea. Nilipaswa kunyamaza, nadhani mtu mwenye adabu angenyamaza, lakini nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa mimi. Nikauliza kwa nini hakugonga.

Hakukasirika. Alifikiri, akatafuta jibu kwa uangalifu, kama alivyotafuta herufi. "Nilikuwa na kifurushi ya unga kichwani, unga ya kwetu, nilimupelekea. Nikawaza, nikipiga hodi, batanipokea muzuri. Ile mama atanipa kiti. Atanipikia unga yangu mwenyewe. Nitakula. Na nikishakula pale, mwana, nitakuwa mugeni."

Nilitaka kumshika mkono, lakini tayari alikuwa ameurudisha kwenye ukurasa, na kidole chake kilikuwa kimesogea hadi mstari wa chini.

"Hii inayofuata," akasema, "usiniambie tena. Nitaisoma."